Marehemu wa Kadi Namba Tisa

Katika miaka miwili ya kwanza ya uhuru, kabla ya kutokea jambo lolote linalostahili kusimuliwa, hali yetu ilikuwa kama ifuatavyo. Idara ya kumbukumbu za vita ilikuwa na vyumba vitatu katika mtaa wa Buluk mjini Juba, paa la bati, jenereta lililofanya kazi siku lilipopenda, na watumishi watatu: mkurugenzi, mimi, na mlinzi wa lango. Nchi ilikuwa na viwanja vya vita vingi kuliko shule za sekondari, wala hapakuwa na hata kimoja chenye kibao. Barabara za kuvifikia hazikupitika wakati wa mvua. Zile zilizopitika wakati wa kiangazi zilikuwa hazijasafishwa mabomu ya ardhini. Kitabu cha wageni, ambacho nilikipiga mistari kwa rula kwa mkono wangu mwenyewe, kilikuwa na sahihi moja. Ilikuwa ya bwana aliyeingia kuuliza choo kiko wapi, na ambaye, kwa adabu, alijaza pia safu ya maoni: "Kisafi."

Wazo la kadi lililetwa na mshauri mgeni aliyekaa nasi wiki sita. Alitueleza kwamba kwao, mtu akizuru uwanja wa vita vya zamani, msimamizi humpa kadi ndogo yenye picha ya mahali hapo mbele na historia fupi nyuma. Kila uwanja una kadi yake, na familia husafiri na watoto kutoka uwanja hadi uwanja ili kuzikamilisha zote. Mkurugenzi alilipenda wazo hilo kiasi cha kushindwa kuketi.

"Nani atazitoa hizo kadi?" nilimwuliza mkurugenzi, mgeni alipokwisha kuondoka.

"Wasimamizi wa viwanja."

"Hatuna wasimamizi."

"Wageni wakija tutawaajiri."

"Na wageni watakuja kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya kadi, ustaz," alinijibu kwa upole, kama mtu amwelezaye mtoto.

Nilijaribu kutafuta upenyo katika mduara ule, nikauona umefungwa vizuri pande zote.

Nilipewa kadi ishirini na nne na muda wa miezi minane. Nilisomea historia katika chuo kikuu nchini Kenya, nilikokulia, chini ya mwalimu aliyetufundisha kwamba kauli yenye shahidi mmoja ni uvumi uliovaa tai. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni. Kila kauli itakayoandikwa iwe na mashahidi wawili. Ikiwa na mmoja tu, itanguliwe na neno "inasemekana". Kanuni hiyo niliieleza katika mwongozo wa kurasa nne, wenye tanbihi, nikauambatisha na miswada. Niliifuata katika kadi ishirini na tatu.

Kadi namba tisa ilihusu kivuko cha mto ambapo kombania ya tatu ya wapiganaji wetu ilimzuia adui kwa siku mbili. Juu ya tukio hilo nilikuwa na shahidi mmoja, yaani ripoti ya ofisa, kurasa mbili zilizopigwa chapa, wa pili ukiwa umeliwa na mchwa. Mwishoni mwa ukurasa uliosalia ilisomeka kwamba kombania ilishikilia kivuko hadi mwisho na hakuna mtu aliyetoka hai. Sasa, upande wa nyuma wa kadi ulikuwa na nafasi ya maneno sitini. Nilikuwa nimefikisha sitini na moja. Nililitazama andiko lile asubuhi nzima, nikapima kila neno, na hatimaye nikaliondoa "inasemekana".

Kazi ya kuchapa ilipewa Mganda mmoja mwenye duka mtaa wa Hai Jalaba, fundi mwangalifu aliyejipatia sifa kwa kutengeneza vitambulisho vya ofisi zote za mjini. Nilipokwenda kuzichukua nilikuta kila kadi imevishwa plastiki ngumu, imetobolewa tundu juu, na kutiwa kamba nyekundu ya kuvaa shingoni.

"Sikuagiza kamba," nilimwambia.

"Ndiyo, mukubwa. Hiyo nimekuongeza tu."

"Wala tundu. Hizi ni kadi za kukusanya. Mtu anaziweka pamoja, nyumbani."

Alinitazama kwa huruma. "Mukubwa, mimi iko hapa Juba miaka tano. Kadi yenye haina tundu, nani ataheshimu? Mutu ataweka wapi? Mfukoni? Mfukoni nani anaona?"

Nilikwenda kwa mkurugenzi kulalamika. Yeye aliichukua moja, akaivaa, akajitazama katika kioo cha dirisha, na suala likawa limekwisha.

Kwa kuwa wageni hawakuwapo, kadi ziligawiwa mjini, katika sherehe iliyofanyika uani kwetu. Mkurugenzi alichagua kusoma kadi namba tisa kwa sauti. Alipofika kwenye maneno ya mwisho alitoa leso, akafuta macho, na nusu ya waheshimiwa wakafanya vivyo hivyo. Mlinzi wetu alikuwa langoni, karibu na jenereta, na hakusikia neno. Alipewa kadi namba mbili, akaivaa. Kusoma alijua Kiarabu tu, na kadi ziliandikwa kwa Kiingereza.

Katika majuma yaliyofuata nilishuhudia jambo ambalo hakuna kitabu chochote cha elimu ya makumbusho kilichonitayarisha kulipokea. Watu wa Juba walizikusanya kadi kwa bidii kubwa, lakini walizivaa. Mtu mwenye kadi ya vita fulani alichukuliwa kuwa alipigana vita hivyo. Mkurugenzi alipitishwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa saluti kwa sababu ya kadi namba nne, inayohusu mapambano yaliyotokea akiwa darasa la tatu. Nilimwona mwendesha bodaboda aliyekuwa na kadi mbili za vita vilivyopiganwa siku moja, katika pande mbili za nchi. Nilipomhoji alisema pikipiki yake ina mbio. Mama aliyeuza chai mbele ya lango letu alivaa sita, zikigongana kifuani kila alipoinama kupuliza makaa.

Yapasa niseme kidogo juu ya mama huyo na mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mchechemeavu. Alikuwa na kipande cha chuma pajani tangu vitani. Alijifunza Kiswahili chake katika hospitali ya kaskazini mwa Kenya alikolazwa mwaka mzima, na kwa hiyo maneno ya dawa na maumivu aliyajua kuliko mimi. Kila asubuhi aliuburura mguu ule mitaa miwili kwenda kunywa chai, ilhali chai ilikuwapo hatua nne kutoka kwenye kiti chake. Nililigundua jambo hilo mapema, nikalihusisha na kiasi cha sukari.

Mwaka wa tatu wa uhuru, kipande kile cha chuma kilianza kusogea. Daktari alimwambia wazi kwamba kinaelekea kwenye mshipa mkubwa. Kisipotolewa, mguu utakatwa. Bahati njema, hospitali ya jeshi ilitangaza kwamba daktari bingwa wa upasuaji angekuja na kuwahudumia wapiganaji wa zamani walioandikwa katika orodha. Orodha ilikuwa ikiandikwa Bilpam, makao makuu ya jeshi, na ingefungwa mwisho wa Oktoba. Nilimpa ruhusa ya siku moja. Alivaa shati jeupe, akaenda.

Alirudi mchana, akaingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akasimama mbele ya meza.

"Ustaz," akasema, "mimi nimekufa."

Nilimwuliza tangu lini.

"Si wewe ndiye unajua? Wewe ndiye uliandika."

Akaweka mezani kadi namba tisa, na kamba yake, aliyoiazima kwa mtu wa foleni ya Bilpam. Kumbe ofisa wa usajili alikuwa ameomba seti kamili, akazibandika ukutani, na kila aliyedai kupigana mahali fulani alipimwa kwa kadi ya mahali hapo.

"Ameniuliza, ulipigana wapi? Nikamwambia kivukoni, kombania ya tatu. Akaangalia ukuta. Akasema, pole sana, mzee, mlikufa wote. Nikamwambia, lakini mimi niko hapa. Akasema, ndiyo, nakuona, lakini kadi ni ya serikali."

"Hukumwonyesha mguu?"

"Nilimwonyesha. Akasema ni mguu mbaya sana, niende nitafute daktari."

Siku zilizosalia zilikuwa tisa. Kesho yake nilifuatana naye Bilpam. Ofisa alikuwa mtu nadhifu aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Alizungumza Kiarabu cha Juba, nami nayaweka maneno yake hapa kwa Kiswahili. Nilipojitambulisha kuwa ndimi niliyeziandika kadi, alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kazi safi, ustaz. Hakuna nafasi ya shaka."

"Nimekuja kukuarifu kwamba kadi namba tisa ina kosa."

"Haiwezekani," alisema. "Ina plastiki."

Nilimweleza juu ya mchwa, na juu ya neno la sitini na moja. Alinisikiliza kwa umakini mkubwa. Kisha akanifahamisha msimamo wake, ambao sikuweza kuudharau. Kila siku watu humletea karatasi zilizofutwa na kuandikwa upya. Kadi zetu ndizo maandishi pekee nchini ambayo hakuna awezaye kuyakwaruza. Akizikubali leo na kuzikataa kesho, atabaki na nini?

"Shahidi mwenyewe ni huyu," nilisema.

"Huyu si shahidi. Huyu ni mdai." Akavuta mtoto wa meza, akatoa mwongozo wangu wa kurasa nne, umepigwa mistari kwa wino mwekundu. Katika nchi nzima ndiye mtu pekee aliyeusoma. "Wewe mwenyewe umesema mashahidi wawili. Ukurasa wa pili. Nimekubali, marehemu ahesabiwe kuwa wa kwanza. Niletee wa pili, na kadi mpya, yenye plastiki na kamba, kabla ya mwisho wa mwezi."

Nilitoka pale nikiwa nimeshindwa kwa hoja zangu mwenyewe, jambo ambalo, nakiri, lilinipa pia furaha kidogo.

Tuliporudi Buluk nilimketisha mlinzi, nikafungua daftari, nikamhoji kwa utaratibu. Alikumbuka mengi: rangi ya maji, mbuzi aliyechinjwa siku ya kwanza, mtu aliyekoroma wakati mizinga ikilia. Alisema siku ya pili jioni amri ilitoka ya kurudi nyuma. Waliobaki walikuwa wachache, nao walipigwa wakipanda ukingo. Yeye alipigwa paja, akaanguka.

"Nani alikutoa?"

Akaanza kulikanda paja lake.

"Ulitoka mwenyewe?"

"Nitatokaje mwenyewe? Nilibebwa."

"Na nani?"

"Mpishi."

Kalamu yangu ilisimama. "Mpishi yu hai?"

Alitazama dari, kisha dirisha, kisha, kwa shingo upande, lango. "Yuko pale."

"Pale wapi?"

"Kwenye chai," alisema, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Nilitoka nje upesi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Mama wa chai alikuwa akisuuza glasi. Kiswahili chake kilitoka katika kambi za wakimbizi za Uganda, na sauti yake ilizoea kufika mbali.

"Mama," nilianza, "ati ulikuwa na kombania ya tatu kivukoni?"

"Nilikuwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ustaz, wewe umekunywa chai yangu miaka miwili. Umeniuliza nini? Umeniuliza kama tangawizi ipo."

Nilimweleza kadi, ukuta, mguu, na mwisho wa mwezi. Nilimwomba aje Bilpam kushuhudia kwamba mlinzi alirudi hai.

"Huyu?" Akaelekeza kidevu langoni. "Huyu alikufa. Kadi imesema." Akaitafuta namba tisa katikati ya zile sita, akaniinulia. "Yule wa bodaboda alinisomea. Nikafurahi."

"Mama, mguu wake utakatwa."

"Na sufuria yangu?"

Ndipo nilipoelezwa kiini cha jambo. Kombania ilikuwa na sufuria moja, ya kulisha watu sitini, ambayo mama huyu aliitoa nyumbani kwao mwenyewe alipojiunga na wapiganaji. Amri ya kurudi nyuma ilipotoka, alimkabidhi mlinzi aibebe, maana alikuwa ndiye mrefu. Sufuria haikufika.

"Anawaambia watu mto uliichukua," alisema. "Mto haukufika pale! Aliiacha kwenye mchanga, nimeiona kwa macho yangu, nikashindwa kuirudia kwa sababu nimembeba yeye mgongoni!"

"Nilikuwa nimepigwa mguu!" mlinzi alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake. Nilitambua kwamba hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia mama huyo tangu nilipowafahamu.

"Sufuria inabebwa na mguu?"

"Na ilikuwa moto!"

"Kwa hiyo uliiacha."

Wateja waliacha kukoroga.

"Aseme mbele ya serikali," mama akaniambia, akirudia glasi zake, "kwamba aliiacha. Siyo mto. Yeye. Akisema, nitamfufua."

Ilinichukua siku tatu kumshawishi. Nilijaribu kumwonyesha kwamba mtu akipima sufuria na mguu, hesabu ni nyepesi. Alinijibu kwamba mimi sijui Juba; habari ikisemwa Bilpam asubuhi, mchana imefika kwa mkewe na wakwe. Usiku wa siku ya tatu paja lilimwuma sana, na asubuhi alivaa tena shati jeupe.

Tuliketi wote watatu mbele ya ofisa. Mama alivaa kadi zake zote. Mlinzi alisimama wima, mikono ubavuni, akamtazama mama wala si ofisa, akasema: "Sufuria niliiacha mimi. Mto haukuichukua. Ilikuwa nzito, na moto, na nilikuwa naogopa."

Ofisa, ambaye hakuambiwa lolote juu ya sufuria, alitugeukia mmoja mmoja. Kisha akaandika. Niliona maandishi yake juu chini: sufuria moja, kubwa, iliachwa na mdai.

"Endelea, mama," akasema.

Mama alishuhudia kwa ufasaha ambao ningependa kuuona katika ripoti za maofisa. Alitaja siku mbili zile kwa milo: nani alikula, nani alikuwa amekwisha kupungua mlo uliofuata. Tulisikiliza bila kucheka. Alipomaliza, ofisa alimwuliza waliotoka hai ni wangapi.

"Wawili. Mimi na mzigo huu."

"Wewe sikuhesabu, mama. Mpishi si mpiganaji."

"Siku mbili walipigana wamekula nini? Kadi?"

Ofisa aliupanga upya mstari wa kalamu zake. Akachukua iliyo ndefu kuliko zote, akauliza jina la mama, akaliandika pia.

Ilibaki kadi mpya. Mkurugenzi alikataa katakata. Alisema yeye alilia mbele ya waheshimiwa, na machozi ya serikali hayarudishwi. Nilimwambia kadi mpya itahitaji sherehe mpya. Alifikiri kwa muda, akauliza kama leso yake ya zamani bado ingefaa, akatia sahihi.

Niliandika upya maneno sitini. Ili kupata nafasi ya kusema kwamba wawili walitoka hai, mmoja akiwa mpishi aliyembeba mwenzake, ilinibidi kuondoa sentensi nzima, na niliondoa ile iliyowaeleza wageni njia ya kufika kivukoni. Mashahidi nilikuwa nao wawili, wenye kujuana kupita kiasi, lakini wenye kuchukiana, na kwa maoni yangu hilo lilitosha kufidia kule kujuana. Mchapaji wa Hai Jalaba aliisoma, akairudia mara ya pili kimya, akaniuliza, "Hii mama iko kweli?" Nilimwambia yupo. Aliniambia nimsubiri, akaichapa papo hapo, mbele ya wateja wengine wote.

Niliipeleka Bilpam siku ya mwisho ya mwezi. Ofisa aliikunja kuipima ugumu, akaivuta kamba, akaibandua ya zamani ukutani na kuiweka mpya mahali pake.

Mlinzi alipasuliwa mwanzoni mwa Desemba. Kabla mwezi haujafika nusu mama alikuwa akimpelekea chai hospitalini na kumkumbusha sufuria kila alipommiminia. Nyuzi zilitolewa siku ya Ijumaa. Jumapili ile vita vilianza hapa mjini, wapiganaji wetu wakipigana wao kwa wao, na mlinzi akatoka hospitalini kwa miguu yake yote miwili, akavuka daraja la kutokea mjini akiwa na mama wa chai na mke wake, wakapanda lori kwenda Uganda. Mimi nilirudi Kenya juma lililofuata. Idara haikufunguliwa tena.